Mkandaji wa Munuki

Mkandaji wa matumbo pale mtaa wa Munuki, Juba, hamuulizi mja mzito miezi yake. Hupasha viganja moto juu ya jiko la chai, akavipaka mafuta ya simsim, kisha hufumba macho na kuzungumza na mtoto peke yake, kana kwamba mama mtu hayupo. Akur, aliyesomea Nairobi na kurudi Juba baada ya uhuru, hakuyaamini mambo hayo. Lakini mtoto wake alikuwa amelala kwa upana tumboni, hawezi kutoka, na vita vilikuwa vimeifunga barabara ya hospitali tangu juzi.

“Wewe mutoto, mbona unalala kama mulevi?” mkandaji alinung’unika, vidole vikisukuma, vikingoja, vikisukuma tena.

“Mama, kwani anasikia?” Akur aliuliza.

Mara bunduki zikalia upande wa Buluk, mtaa wa jirani. Akur akajikunja kwa hofu, lakini ile mikono haikubanduka. Chini yake kitu kizito kikajigeuza, kikashuka, kikatulia. Mkandaji akafumbua macho, akacheka hadi mabega yakatikisika.

“Umeona? Amesikia risasi, ameinamisha kichwa. Huyu ni mutu wa Juba kabisa.”