Bei ya Sarafu za Baba

Fumbata sarafu mpaka kiganja kitoe jasho, halafu nusa. Harufu ile chachu, kama ya damu kwenye ufizi, hunirudisha Eldoret kila mara, katika chumba chetu cha lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika. Nyinyi mnanusa pesa tu. Mimi nanusa mwaka ule dada yangu Rebeka alipofaulu mtihani na kukosa shule.

Baba alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma. Wenzake walileta makoti na mablanketi. Yeye alileta mguu wa kuchechemea na soksi moja iliyojaa sarafu za nchi alizopitia. Zilikuwako za Bara Hindi, za Seloni, na moja nzito ya fedha kutoka Abisinia, yenye picha ya mama mnene ambaye Mama alimwonea wivu kwa jinsi alivyoshiba. Jioni alizimwaga mkekani, tukaruhusiwa kushika moja moja. Dukani hazikuweza kununua hata chumvi.

Basi Rebeka akapata nafasi katika shule ya bweni ya misheni. Binti wa fundi wa karakana kwenda bweni, miaka ile! Kanisani walimwombea, na Mama akaanza kumshonea sare kabla hatujajua karo itatoka wapi. Baba alijua. Kulikuwa na mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Ainabkoi. Kila Jumamosi alikaa kwenye veranda ya hoteli, akinunua pesa za kigeni kwa askari waliorudi vitani. Hakuwa na haja ya kuzitumia. Alizikusanya tu, jambo lililotushangaza kama mtu kufuga ng'ombe asiowakamua.

Tulienda na Baba, Rebeka na mimi. Mzungu aligeuza kila sarafu kwenye mwanga, akakawia sana kwa ile ya Abisinia.

"Mimi nalipa shilingi sitini, yote," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani.

Sitini ilikuwa karo ya mwaka mzima. Nilimsikia Rebeka akishusha pumzi. Lakini Baba alizoea kubishana bei sokoni, na kwetu anayekubali bei ya kwanza huonekana mjinga, au mwenye mali ya wizi. Tena angejuaje kwamba sitini ni haki? Ng'ombe unamtazama meno, mahindi unayauma. Sarafu ya ugenini utaipima kwa nini? Akampima mzungu mwenyewe, akaona macho yake yanazitamani.

"Bwana, wacha nifikirie. Nitarudi Jumamosi."

"Sawa. Lakini wewe chunga hii mzuri."

Njia nzima Baba alicheka peke yake. "Haraka haraka haina baraka," alituambia. "Mtu akikwambia chunga, ujue anataka."

Na alizichunga kweli. Senti zetu za siku hizo, ya moja, ya tano, ya kumi, zote zilikuwa na tundu katikati. Mama alizitunga kwenye uzi wa katani akazifunga kiunoni, na pesa isiyo na uzi tuliihesabu kuwa imeshapotea. Hizi za Baba zilikuwa nzima, zinateleza. Akajiuliza: mtu anayekusanya pesa nyingi namna ile, anazitunga vipi? Akazipeleka karakana, akaazima keekee ya kutobolea chuma, na kila mchana wenzake walipokula, yeye alitoboa. Kazi ilikuwa safi ajabu. Tundu lilikaa katikati kabisa, kingo zimepigwa tupa zisikwaruze. Yule mama mnene lilimpitia shavuni.

Majirani walikuja kutazama. Mama alisokota uzi mpya. "Sasa lazima aongeze," Baba alisema. "Ufundi nao una bei." Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa. Nawaambia kweli, zilipendeza.

Jumamosi akazitoa mfukoni zikilia, akazilaza mezani. Mzungu hakuzigusa.

"Nani nafanya hii?"

"Ni mimi mwenyewe, Bwana. Zisipotee," Baba alijibu, akitabasamu.

Tabasamu lile natamani kulisahau. Mzungu alifunika uso kwa kiganja, kisha akausukuma ule uzi kwa kiko chake. "Hii nakufa. Yote nakufa. Mimi hapana taka iko na tundu." Hakukasirika wala hakucheka. Afadhali angecheka.

Baba akaanza kushusha palepale: hamsini, thelathini, kumi. Mzungu alikuwa amefungua gazeti lake. Ndipo Rebeka akamshika Baba mkono, akamwongoza kutoka kama kipofu. Sonara wa Kihindi alizinunua kwa uzito wa fedha, tukapata sukari na mafuta ya taa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama aliikata ile sare akanishonea mimi gauni, na asubuhi ni Rebeka aliyenifunga vifungo.

Tangu siku hiyo Baba hakubishana bei tena. Sokoni alipotajiwa, alitoa. Mama alinung'unika, wachuuzi walimpenda Baba mno. Mimi nilifurahi, nikidhani tumetajirika.

Kisha akaja mtu mzima mmoja kutoka upande wa Kimumu kumposa Rebeka. Wajomba walikuwa wamejiandaa kubishana mpaka jua litue, kwani mahari yetu hubishaniwa, na binti husikiliza jikoni ajue anavyothaminiwa na watu wake. Msemaji wa wageni akataja ng'ombe wawili, wa kufungulia mazungumzo tu.

"Sawa," Baba akasema.

Mjomba alicheka akidhani ni mzaha.

"Nimesema sawa."

Jikoni Rebeka alikuwa akisonga ugali. Nikamnong'oneza kwamba Baba lazima anampenda sana yule bwana, maana hakumsumbua hata kidogo. Ilinibidi niwe na mabinti wangu mwenyewe ndipo nikajua kwamba Baba aliogopa. Aliogopa kwamba akitaja ng'ombe mmoja zaidi, wageni watainuka na kwenda, na mwanawe atamfia mkononi kama zile sarafu.

Rebeka alielewa siku ile ile. Aliufunika ugali, akachukua birika na beseni, akaenda kuwanawisha wageni mikono.