Keki ya Bibi Haikupakwa Kitu

Wiki mbili zilizopita mama mdogo alinipigia simu kutoka Mazimbu. Nilikuwa stendi ya Msamvu, nasubiri basi lililobeba mzigo wangu wa mayai. Akaniambia daktari amempima na kumkuta na sukari, na kwamba tangu siku hiyo chai imekuwa adhabu na sherehe anaziona za watu wengine. Halafu akashusha sauti, akabembeleza, yeye ambaye maisha yake yote amezoea kuamrisha.

"Mwanangu, nipikie ile keki ya mama. Ile ya Matombo. Wewe ndiye uliyekuwa naye jikoni."

Nikamwambia sawa, nikakata simu. Basi likaja, mayai yakashushwa, kijana wa mizigo akaniita mara tatu ndipo nikamsikia. Hasira ilikuwa imenipanda mpaka masikio yanavuma. Unanijua, si mtu wa kugombana na wakubwa. Lakini kwa watu wote duniani, yeye ndiye aniombe keki ile?

Ngoja nikueleze, kwa sababu nimelinyamazia jambo hili miaka mingi na kunyamaza hakujanisaidia kitu.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, kwenye mteremko wa juu ya kanisa la misheni kule Matombo. Nyumba yake ilizungukwa na migomba, na nyuma ya jiko kulikuwa na mdalasini mmoja na mikarafuu miwili. Asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani, kengele ya misa unaisikia lakini kanisa hulioni. Kazi yangu baada ya kuchota maji ilikuwa kumenya ndizi mbichi. Nilipaka mafuta mikononi kwanza, maana utomvu wa ndizi ukikukaukia unakaa nao wiki nzima na shuleni wanakucheka. Bibi alizikata vipande vyembamba, akavianika kwenye mkeka, nami nikafukuza kuku hadi vikauke vikawa makopa. Kisha kinu, kisha chekecheo, na unga wa ndizi ukawa tayari, wenye rangi ya vumbi la njiani.

Unga ule ulianza kutumika kwa keki mwaka bibi alipoambiwa ana kisukari. Sista wa zahanati alimweleza polepole, kwa heshima, nini apunguze na nini aache kabisa. Bibi alikuwa mpenda vitamu kupindukia. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda, akalia. Alilia siku hiyo moja tu. Kesho yake akasema kama sukari imemkataa, atatafuta kitamu kingine ambacho hakitamkataa, akaanza kujaribu. Keki za mwanzo zilikuwa mawe. Mbwa wa jirani alinusa moja akaondoka zake, na bibi akacheka mpaka akajishika mbavu.

Lakini hakuacha. Akajifunza kuchanganya unga wa ndizi na karanga zilizosagwa, mayai ya kienyeji, tui zito, na ndizi mbivu moja tu iliyopondwa, ambayo alisema ni ya kuudanganya ulimi. Mdalasini aliubandua mwenyewe kwenye mti, akautwanga na karafuu mbili, tatu. Sufuria alilitandika jani la mgomba lililopitishwa motoni, akamimina, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko na kuacha machache chini. Mimi nilikaa pale na kipepeo, na nikizidisha kupepea nilichapwa kidogo begani. Harufu ilipotoka ilishuka mpaka njia ya kwenda mtoni na watu wakapaza sauti kuuliza kuna nini leo kwa bibi. Akachoma katikati kwa chelewa la ufagio mpya. Likitoka kavu, imeiva.

Ilikuwa keki ya kahawia, imepasuka juu, haina sura. Lakini utamu wake ulikuja taratibu, ukafika ukiwa umeshameza.

Aliikata kwa kipimo cha kiberiti. Aliweka kiberiti juu ya keki, akapitisha kisu pembeni, na hicho kikawa kipande chako, uwe mtoto au padre. Ukiomba cha pili alifunika sufuria na kusema, "Kesho ipo." Na kweli kesho yake kipande kilikuwepo.

Sasa nikwambie kitu kinachonichemsha mpaka leo. Hakuna aliyemsikiliza. Kila mgeni aliyetoka mjini kuja kumsalimia alipanda na sukari. Shikamoo bibi, marahaba, na mfuko wa sukari mezani, kwa sababu ndivyo mzee anavyoenziwa. Wanawe mwenyewe waliojua anaumwa walileta sukari. Bibi alipokea kwa mikono miwili na kushukuru, kwani zawadi hairudishwi, kisha akaimimina kwenye debe chini ya kitanda na kugawia majirani. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiwaambie. Akasema ameshawaambia, wao wanadhani anaona haya kupokea.

Na sherehe ndiyo ilikuwa balaa kubwa zaidi. Unajua kwetu keki haiwi keki mpaka watu wamelishana. Mwenye sherehe anamega, anawalisha wazazi, wazazi wanalisha wazee, mpiga picha anasema subiri, rudia. Bibi alikuwa na watoto saba na wajukuu wasiohesabika. Kila ndoa, kila ubatizo, aliitwa mbele afunguliwe mdomo. Alijifunza kuumwa siku za sherehe. Alilala nyumbani ngoma zikilia bondeni, akanituma nikaangalie nije kumsimulia.

Ndiyo maana komunyo yangu ya kwanza ilipokaribia alitangaza kwamba keki ataipika yeye. Alinimenyesha ndizi wiki nzima. Aliniambia, huku anachekecha unga, kwamba safari hii na yeye atakaa mbele na kula mbele za watu kama mama mwenye uzao wake, na hakuna atakayembeba kurudi nyumbani akiwa hoi. Hicho tu ndicho alichokitaka. Hakutaka nguo wala kiti cha kupambwa.

Akapika Jumamosi, makaa juu, makaa chini. Ikaiva kuliko zote alizowahi kupika. Akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, na jioni ile mama mdogo akafika kutoka mjini na gari la kukodi, spika mbili na mshereheshaji.

Jumapili asubuhi bibi alitangulia kanisani kusali rozari na wazee wenzake. Mimi nilibaki nikivalishwa gauni. Mama mdogo akafunua kitambaa. Akasema hatuwezi kuwawekea watu kitu hiki, tutachekwa mpaka mjini. Akatoa kwenye boksi sukari ya unga na siagi ya kopo, akakoroga kwenye bakuli, akaipaka keki ya bibi juu na pembeni, tabaka nene, nyeupe pee, akaizungushia maua ya waridi ya sukari aliyokuja nayo. Akanigeukia.

"Usimwambie bibi yako. Tumempendezeshea tu."

Nilikuwa na miaka kumi. Nilijua kila kilichokuwa ndani ya keki ile na kwa nini kiliwekwa. Na nitakwambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu. Nilifurahi. Kwa wiki nzima niliona aibu kwamba wenzangu wa darasa la komunyo wataiona keki yangu ya kahawia, iliyopasuka, na sasa nilikuwa na keki nyeupe kama watoto wa mjini. Nilipita kanisani na mshumaa mkononi nikiifikiria keki.

Tuliporudi, watu walikuwa wamejaa uani. Bibi aliwekwa mbele, na kitenge chake cha sikukuu, anatabasamu. Mshereheshaji akafunua. Watu wakapiga vigelegele. Bibi alitazama meza, akatazama chini ya meza, kisha akaniinamia.

"Keki yangu iko wapi?"

"Ndiyo hii, bibi."

Akaitazama tena. Mshereheshaji tayari alikuwa anaita kwenye spika, "Bibi mzaa chema, sogea, mjukuu anakulisha leo," na muziki ukapandishwa. Kisu nilikuwa nacho mkononi. Ningeweza kuukwangua ule weupe ukadondoka kwenye sahani, ingenichukua muda wa kusema Baba Yetu. Mshereheshaji akasema kata kubwa, kata yenye ua, bibi ni mmoja. Nikakata yenye ua. Nikamnyooshea.

Bibi alinitazama machoni, akafungua mdomo. Mkono wa mjukuu siku ya komunyo yake, mbele ya ukoo wote na mpiga picha, ungeukataaje?

Ingeishia hapo ningesema bahati. Lakini mshereheshaji aliwapanga foleni. Mjomba akamlisha, msimamizi wangu akamlisha, binamu wakubwa kwa wadogo wakamlisha, mama mdogo akamlisha na kumfuta midomo, na mtu akamwekea soda mkononi ashushie. Watu waliimba. Kila mmoja alikuwa anampenda, na kila mmoja alikuwa anamtilia sumu mdomoni huku anacheka. Jua halijafika magharibi alikuwa anatapika na kuita maji, hajui aliko. Tulimteremsha hospitali na gari lile lile la spika, kwa barabara ile ya mawe, kichwa chake kwenye mapaja yangu na gauni langu jeupe.

Alipona. Sisemi keki ile ndiyo iliyomuua, aliishi miaka minne baada ya hapo. Lakini hakupika tena. Nilimwomba, nilimenya ndizi mwenyewe, nikaanika, nikamwekea unga mlangoni. Akasema, bila hasira yoyote, "Pikeni ninyi mnaojua kupendezesha." Sufuria lake lilihamia nje, chini ya bati, kuku wakawa wanalinywea maji. Mimi nilipita hapo kila siku kwenda shule.

Unaona sasa? Na usidhani mambo yamebadilika. Nimekuwa mwokaji keki mjini hapa, unajua kazi yangu. Wateja wananiagiza keki isiyo na sukari kwa ajili ya baba, kwa ajili ya mama, wananieleza ugonjwa kwa huruma mpaka nasikitika nao. Kisha wanaongeza, dada, juu upake kidogo, ipendeze kwenye picha. Nimegombana nao mpaka wengine wamenihama. Wanasema nina kiburi. Waache waseme.

Basi, nikampikia mama mdogo. Unga wa ndizi siku hizi huupati sokoni, hata Matombo kwenyewe wanakushangaa ukiuliza, kwa hiyo nilinunua mkungu mbichi nikaanika juu ya bati uani na kufukuza kuku nikiwa mtu mzima. Ya kwanza ikawa jiwe. Ya pili ikaungua juu. Bibi hakuwahi kupima kitu zaidi ya kiganja chake, na kiganja alikwenda nacho. Ya tatu ilikaribia. Sisemi ni yenyewe, ilikaribia tu.

Jumamosi nikampelekea, ikiwa ndani ya sufuria na mfuniko wake. Nilimkuta amekaa sebuleni, miguu juu ya stuli, amepungua, kitenge kinamzunguka mara mbili. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Nikaweka kiberiti juu ya keki, nikakata, nikampa kwenye kisosi. Alitafuna amefumba macho. Machozi yakamtoka, na mimi moyo ukaanza kulegea, kwa sababu alikuwa mtoto wa bibi na alikuwa anaumwa.

Kisha akafumbua macho, akaitazama keki.

"Ladha umeipatia. Ila ya mama ilikuwa nyeupe juu. Alikuwa anaipaka kitu, na maua. Umesahau?"

Akanyoosha kidole ukutani. Picha ipo pale, ndani ya fremu, miaka yote. Bibi amefungua mdomo. Mkono wangu mdogo una kipande cheupe chenye ua. Hiyo ndiyo keki ya bibi ambayo ukoo wetu wote unaijua, watoto waliozaliwa juzi wanaonyeshwa, huyu ndiye bibi yenu na keki zake. Ile ya kahawia hakuna aliyeipiga picha, kwa sababu haikuwa ya kupigwa picha.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilifikiri ataniomba msamaha, au atajitetea. Sikufikiri kwamba amesahau.

"Bibi hakuwahi kuipaka kitu," nikamwambia. "Ile nyeupe ni yako, mama. Uliipaka asubuhi, yeye yuko kanisani. Na mimi nilikuona, nikamlisha."

Aliitazama tena picha. Alipogeuka aliniuliza kama nina hasira naye, na nikamjibu ninayo, naye na mimi mwenyewe, na haijapungua. Akatikisa kichwa kukubali. Nje watoto wa jirani walikuwa wanaitana mpirani.

Kisha akanyoosha kisosi kitupu, akaomba kipande kingine kwa sauti ndogo.

Mkono wangu ulikuwa umeshaushika mfuniko. Nikafunika.

"Kesho ipo," nikamwambia.