Sista Fundi, Aliyekiri Kosa la Bomba Lake

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1931, mtoto wa tatu wa fundi baiskeli na mkewe dobi. Alizaliwa amezibwa kamasi puani na kooni, hata mkunga akafunika uso wake kwa kitambaa. Bibi yake alikitoa kitambaa kile, akamvuta kamasi kwa mdomo wake mwenyewe, akatema, akavuta tena, mpaka mtoto akalia. Akabatizwa siku hiyo hiyo, maana hakuna aliyedhani ataiona kesho yake. Alikulia bandani kwa baba yake, kati ya minyororo na matairi, na pampu za baiskeli ndizo zilizokuwa wanasesere wake. Alizifungua zote ajue hewa inaingilia wapi na kutokea wapi. Baba yake alikuwa akiwaambia wateja wachunge hata miwani yao, kwa kuwa binti huyo hakai na kitu kizima.

Mwaka 1950 aliitikia wito akaingia utawani, ingawa mama yake alilia wiki nzima. Baada ya nadhiri alipelekwa hospitali ya masista, chumba cha kuchemshia vyombo, na huko aliwaona watoto wa ugonjwa wa koo. Muuguzi alivuta makohozi kwa chombo kimoja, akakiweka chini, akatafuta kingine cha kunyunyizia dawa, na katikati hapo koo lilijaa tena. Wapo waliokufa katika muda huo mdogo tu. Ndipo Sista akatengeneza bomba la sindano lisilo na sindano, la kioo, lenye mdomo mrefu wa mviringo. Ukivuta mpini, linanyonya uchafu. Ukigeuza ufunguo wa pembeni na kusukuma, linanyunyiza dawa kama umande. Ndani aliweka kilango cha ngozi kama cha pampu ya baiskeli. Alilijaribu kwa maji siku thelathini, halikukosea hata mara moja. Mwaka 1961 likaanza kazi wodini, watoto wakapona, watu wakamwita Sista Fundi. Kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, halikuchemshwa kati ya mtoto na mtoto. Lilisukumwa maji ya moto mara tatu tu, na maji yalitoka meupe, basi wote wakaridhika.

Jaribu lake kubwa lilikuja Julai 1962. Mwanamke mshonaji alimleta binti yake wa miaka minne, aliyekauka sauti tu, wala hana homa. Alinyunyiziwa dawa mara baada ya mtoto aliyekuwa mahututi. Siku ya tano akashikwa na ugonjwa ule ule, siku ya nane akazikwa. Hakuna aliyeshuku. Lakini Sista alilifungua bomba lake mezani kipande kwa kipande, na nyuma ya kilango cha ngozi akakuta makohozi yameganda, kiasi cha punje ya mchele. Ndipo akajua kosa lake: alijaribu kwa maji, na maji hayagandi. Daktari mkuu alimsihi anyamaze. Alimkumbusha kwamba watoto arobaini wamepona, na akina mama wakitishika watawaficha wagonjwa majumbani. Sista alilifungia bomba kabatini, ufunguo akamkabidhi daktari, akaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa mshonaji.

Alimkuta kwenye cherehani. Hakukaa alipokaribishwa. Akasema, "Mama, mwanao hakuletewa ugonjwa na mtu. Nimempa mimi, kwa chombo changu, kwa kuwa sikukijaribu inavyopasa."

Mshonaji alilisimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono. Kisha akasema, "Siwezi kukwambia nimekusamehe, Sista, nitakuwa mwongo. Litengeneze upya. Na kabla halijaingia koo la mtoto wa mwenzangu, uniletee nilione."

Miaka mitatu alimpelekea mabomba mapya. La kwanza mshonaji alilitazama akasema linavuja kuliko pua ya mume wake. La pili Sista alilijaribu kwa wanga wa kupigia nguo pasi, uliotiwa wino mzito, akalisafisha, akaona limetakata. Mshonaji akachukua uzi mweupe, akaupitisha mdomoni mwa bomba, akauvuta upande wa pili. Ulitoka na doa la buluu. Alimrudishia bomba na uzi wake. Matano yalirudi hivyo. Katika la sita, Sista alitenganisha njia mbili zisizokutana: uchafu uende kwenye chupa ya pembeni, dawa ishuke kwa njia yake, na midomo yote miwili ifunguke ichemshwe kila baada ya mtoto mmoja, foleni iwe ndefu isiwe ndefu. Uzi ukatoka mweupe. Mshonaji aliurudia mara tatu. Kisha akamwita kitindamimba wake, aliyekuwa anakohoa chumbani, akamkalisha mapajani, akamfungua mdomo.

"Aanze huyu," akasema.

Sista alifariki tarehe 2 Oktoba 1988, akiwa na miaka hamsini na saba, kwa ugonjwa wa mapafu. Mkunga mmoja husimulia kwamba mwaka uliofuata alipokea mtoto wa rangi ya majivu, asiyepumua. Alivuta kwa bomba lile mara nyingi bila kitu, akamwita Sista kwa jina, akavuta tena, mtoto akalia. Daktari alisema ni bomba lililofanya kazi. Mkunga akamuuliza, bomba lenyewe kalitengeneza nani? Kanisa halijatamka lolote juu ya hayo, nasi hatutalitangulia.

Lakini sisi akina mama tuliobaki na watoto wa kukohoa tusingoje Kanisa litamke. Usikubali chombo kilichosuuzwa tu kiingie kwa mwanao kwa kuwa umechoka kusimama. Uliza kimechemshwa lini. Wakikuona msumbufu, kaa hapo hapo na usumbufu wako. Nawe unayemtibu mtoto wa mwenzio, ukigundua umekosea, usiseme arobaini wamepona. Vaa viatu uende kwa mama wa yule mmoja, umwambie kwa mdomo wako. Mungu atujalie miguu ya kwenda.