Aliyenichagulia Bunduki kwa Chumvi

Mimi si mtu wa maneno. Nyumbani kwetu, upande wa Kibondo, wageni wakija mimi hupitia nyuma ya nyumba. Darasa la saba nilimaliza bila kunyoosha mkono hata mara moja, na haya ninayoandika yamenichukua Jumapili nne. Sasa mtu kama mimi atapata wapi nguvu za kutunga uongo? Uongo unataka mdomo. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na kiganja changu cha kushoto ni shahidi. Nitakifikia.

Mwaka juzi walitangaza nafasi za askari wanyamapori wa vijiji. Tulienda vijana wengi. Tukakimbizwa, tukaulizwa maswali, tukafundishwa bunduki wiki mbili. Mwishoni tukabaki wawili kwa nafasi moja, mimi na Bukuru. Bukuru ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo ni kaka yangu, lakini hajawahi kunionea huruma. Kwenye maswali alinishinda mbali sana. Mimi nilipoulizwa jina langu nilitaja jina la kijiji.

Ilikuwa imebaki kulenga shabaha, Jumamosi, kule Kasulu. Nilifurahi, maana shabaha haiulizi mtu kitu. Lakini pia niliogopa. Nikikosa pale narudi kwenye mihogo, na mama alishaniambia wazi kwamba lile shamba halitutoshi tena mimi na wadogo zangu.

Ijumaa nikashuka kwenye basi nikashika njia ya miguu ya Rungwe Mpya, ili nilale kwa shangazi. Mkononi nilikuwa na mfuko wa chumvi ambao mama alimpelekea. Jua lilikuwa limezama, lakini njia bado ilionekana. Nilipofika bondeni, penye michikichi, nikamkuta mtu amesimama kando ya kijito.

Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, amevaa koti la kahawia lenye madoa meupe ubavuni. Nilidhani ni fundi rangi anatoka kupaka nyumba ya mtu. Sikio lake la kulia lilikuwa limepasuka hadi katikati, jeraha la zamani lililokwisha kupona.

"Mwidiwe," akanisalimia kwa Kiha, kama tunavyosalimiana jioni. Nikaitikia. Halafu akavuta pumzi puani, akasema, "Umebeba chumvi."

Mfuko ulikuwa umefungwa, ndani ya mfuko mwingine. Alijuaje? Lakini mimi ni mtu wa aibu, na mtu mkubwa akiniomba kitu siwezi kumnyima. Nikafungua, nikamimina kidogo kwenye kiganja changu cha kushoto ili naye akinge chake. Hakukinga. Aliinama akairamba palepale mkononi mwangu. Ulimi wake ulikuwa wa kukwaruza kama msasa.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Niamini, hata mimi nimejiuliza. Ila alifanya kwa adabu sana, mikono nyuma, kama mtoto anayekunywa uji wa moto. Nilihisi vibaya kumkatiza.

Alipomaliza akasema, "Kesho utachagua bunduki."

Sikuwa nimemwambia.

"Kubwa yoyote usiiguse," akaendelea, kwa sauti ndogo, macho yakiangalia vichakani. "Anayeishika hufumba macho kabla hajafyatua, kwa sababu bega lake linaiogopa. Nimewaona. Mara nne nimewaona, na mara nne risasi imekwenda kwenye miti."

"Umewaona wapi, baba?" nikauliza.

"Mbele yao."

Sikuelewa. Akasema kutakuwa na bunduki ndogo mbili, na nitazame risasi zake, pale kwenye kitako. Risasi ya moja haina kitu kitakoni. "Hiyo upepo unaichezea. Moja ilishawahi kuniangukia miguuni kama kokwa la zambarau." Risasi ya nyingine ni nyembamba vilevile, lakini ni ndefu, na katikati ya kitako ina kitufe kidogo cha mviringo kinachogongwa na pini. "Hiyo ndiyo. Haisukumi bega, kwa hiyo mtu habanduki kwenye shabaha. Na inakwenda mbio. Husikii kitu. Unasikia sikio limeshika moto, halafu ndipo mlio unakuja."

Akaligusa lile sikio lake.

"Ukipata kazi," akasema, "na siku moja ukakutana na mwenye sikio kama hili, geuza mtutu upande mwingine. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Mbwa akabweka kule juu kwenye nyumba za watu. Yule mtu akakohoa mara moja, kikohozi kikavu kama kubweka, akaruka kijito. Hakuchukua hata hatua moja ya kujiandaa. Mimi kesho yake nilikipima kile kijito, ni hatua saba.

Kwa shangazi niliingia bila kubisha hodi. Nikamsimulia.

"Yebabawe! Koti la madoa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na ameramba mkononi?"

"Ameramba."

Akafunga mlango kwa komeo, akaegemea. Kisha akautazama mfuko. "Mbona imepungua hivi? Huyo alikuwa peke yake, au walikuja na ukoo?" Tukacheka mpaka hofu ikanitoka. Lakini mlango hakuufungua mpaka asubuhi.

Jumamosi, bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori aliyetusimamia, alitandaza turubai kwenye nyasi akapanga bunduki nne, kila moja na risasi zake tano pembeni. Alikuwa mtu wa kuhamia, ametoka pwani, na maneno yake yalikuwa matamu hata akikugombeza. "Vijana wangu," akasema, "kuchagua nako ni mtihani. Ile karatasi ipo hatua mia. Kila mmoja achague yake kabla yeyote hajapiga. Ukishika umeshika, hapa si duka la viatu."

Kubwa zilikuwa mbili, za kupigia nyati, nzito, mitutu inang'aa. Ndogo mbili zilikuwa zimechakaa. Bukuru hakufikiri, akanyakua kubwa mojawapo akaipiga kofi kwenye kitako. "Hii ndiyo bunduki ya mwanaume! Mdogo wangu, wewe chukua hako kadogo, ukakose panya."

Watu wakacheka. Ndugu yangu, aibu ni kitu kibaya. Nilikuwa nimeazimia usiku kucha, lakini mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe kwenye ile kubwa ya pili. Ulikuwa umebakiza shubiri moja hivi.

Ndipo vichakani nyuma yetu mtu akakohoa. Mara moja, kikohozi kikavu.

Bwana nyama akageuka. "Nani yuko huko? Hapa tunapiga risasi!" Askari akatumwa kutazama, akarudi akasema hakuna mtu.

Mkono wangu ulikuwa umesharudi. Nikaokota risasi za bunduki ndogo ya kwanza, nikageuza kitako. Hakuna kitu. Nikaokota za pili. Kile kitufe kilikuwepo, katikati kabisa. Nikashika bunduki yake. Bukuru akasema nimechagua fimbo ya kuchungia mbuzi.

Akaanza yeye. Nilisimama ubavuni kwake, nikamtazama usoni badala ya kutazama karatasi. Kweli, kabla ya kila mlio macho yalifumba kama ya mtu anayekatiwa kitunguu karibu. Risasi ya tatu ilimrudisha nyuma hatua nzima. Baada ya tano karatasi ilikuwa na tundu moja, pembeni, karibu na msumari.

"Hii bunduki imepinda," akasema, huku anasugua bega.

"Imepinda, au ulikuwa unasali?" bwana nyama akamuuliza.

Zamu yangu ikafika. Nikalala chini, nikaweka kitako begani, nikavuta pumzi, nikaiachia nusu. Bunduki ilinigusa begani kama mtu anayekuamsha kwa upole. Nilifyatua tano bila kufumba. Tulipoifuata ile karatasi, niliweka kiganja changu cha kushoto juu yake, kikafunika matundu yote matano.

Bukuru akanikumbatia, akasema kwa sauti kwamba mafunzo yote nimeyapata kwake. Ndivyo alivyo.

Bwana nyama akaniuliza nani alinifundisha kutazama kitako cha risasi. Nikajibu, "Mtu mmoja." Akaichukua ile bunduki akaitazama. "Hii tulimnyang'anya jangili," akasema, "bondeni kule Rungwe Mpya. Alikuwa anawinda pongo. Alituambia ameshampata mmoja, lakini sikio tu, akakimbia nalo limepasuka."

Pongo unamjua? Ni swala wa vichakani, wa kahawia, ana madoa meupe ubavuni. Akishtuka hubweka. Nikakaa kwenye nyasi, na watu wakadhani ni furaha. Kusema kweli ilikuwa furaha pia.

Kazi ninayo mpaka leo. Mama amejenga jiko la bati, na wadogo zangu wanasoma. Katika kiganja changu cha kushoto, pale paliporambwa, pamebaki doa laini kama ngozi ya mtoto mchanga. Jembe halipaotishi sugu, wala kamba. Nikienda sokoni Kibondo, mbuzi wa watu huniandama kuramba hapo, na mimi nilivyo na aibu, fikiria mwenyewe.

Kila nikipita doria lile bonde, huacha chumvi juu ya jiwe moja kando ya kijito. Kesho yake chumvi haipo. Mahali pake hukuta waya za mitego, zimeng'olewa na kuburutwa, zimelundikwa vizuri juu ya jiwe. Nimemwona mara moja tu, asubuhi ya ukungu, sikio limepasuka. Niligeuza mtutu nikatazama pembeni, kama nilivyoahidi.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayetega waya bondeni kule na kudhani hakuna anayekuona. Mimi naweza kuwa nimelala. Lakini mitego yako naletewa, na safari ya mwisho juu ya zile waya kulikuwa na kandambili moja ya kijani, ya mguu wa kushoto. Njoo uichukue ofisini. Sitakuuliza mengi, unajua mimi si mtu wa maneno.