Kibali cha Jumamosi

Baba alipika pombe Jumatatu, kibali kilisema Jumamosi, na mimi ndiye nilibandika kibali mlangoni. Naandika hivyo kwanza ndio nisianze kujitetea.

Tulikuwa tunakaa upande wa Kiambere, kwa jua, mahali mahindi yanakauka yakifika magotini lakini nyuki hawakosi kazi. Nilikuwa nimemaliza Form Four, nangoja matokeo, na kila kitu pale nyumbani kilinichosha kwa kwenda polepole. Kaka yangu alikuwa dereva wa lori. Alikuwa amepata msichana wa Runyenjes, na wazee wa kwao hawakuwa watu wa kuanza mazungumzo bila pombe ya asali, iliyopikwa na baba ya kijana kwa mikono yake. Si ya kununua. Na tulikuwa tumesikia kuna mwalimu wa huko huko kwenye mashamba ya kahawa anamtaka huyo huyo msichana. Kaka alipewa likizo ya wiki moja. Kwa hivyo ilikuwa Jumamosi hiyo au basi.

Sasa shida ilikuwa sheria. Bia ya chupa iliuzwa kwa baa yenye leseni, kuanzia saa kumi na moja jioni. Ya kupika nyumbani huwezi kuuza kabisa. Kama una sherehe unaenda kwa chifu, anakuandikia kibali: boma moja, siku moja. Lakini pombe ya asali hukaa siku tatu karibu na moto, na yale matunda makavu ya muratina ndani yake, ndio iive. Hizo siku tatu hakuna kibali kilizitaja. Kila mtu alijua vile unapitia hapo. Unapika kimya, halafu kibuyu cha kwanza kinaenda kwa naibu chifu, kumsalimia. Hakuna mtu aliita hiyo hongo.

Mimi niliita.

"Baba, kama tuko na karatasi, tunampelekea ya nini?"

"Wewe unajua karatasi," baba akasema. "Mimi namjua huyo mtu."

Kaka ndiye alikuwa amenijaza haya mambo, bila kujua. Alikuwa anabeba mizigo mpaka Moshi, na mara mbili alifika Uganda. Jumatano, tukila, akaanza.

"Huko Moshi mama anapika mbege yake ya ndizi, anauza mchana kweupe. Leseni ameibandika ukutani. Polisi akiingia anasoma ukuta, anakaa chini, anaitisha yake, analipa."

"Polisi analipa?" mama akauliza.

"Analipa, mama! Na Uganda hata huo ukuta sikuona. Nilisimamisha lori kando ya barabara, nikanunua pombe ya ndizi kwa jerikeni kama mtu ananunua maziwa."

"Na hapa?"

"Hapa hata ya kwako mwenyewe unakunywa kama umeiba kuku."

Tulicheka wote. Lakini mimi usiku huo sikulala vizuri. Niliona aibu kwa niaba ya nchi nzima.

Alhamisi asubuhi pombe ilikuwa imeiva. Baba alijaza kibuyu kidogo, akaniambia, "Peleka kwa naibu, na usiongee sana." Kisha akaenda na kaka kutafuta wazee wa kutusindikiza. Mimi nilikiacha kibuyu nyuma ya jikoni. Nikakoroga unga na maji moto, nikachukua kibali kwenye Biblia ya mama, nikakibandika kwenye mlango wa ghala ambapo pombe ilikuwa. Ndani singeingia, mwanamke haingii mahali pombe ya mahari inaiva. Lakini mlango ni mlango. Nikasimama nyuma kidogo nikauangalia. Uliniridhisha.

Saa sita naibu chifu akaja mwenyewe, na askari mmoja. Alikuwa amengoja salamu zake hakuona kitu.

"Hodi hapa."

"Karibuni. Kibali kiko pale mlangoni," nikasema, kabla hata hajaniuliza habari.

Akaenda, akasoma, akarudi mwanzo akasoma tena.

"Ni nani amebandika?"

"Ni mimi."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Form Four."

"Basi msomi, nisomee. Kwa sauti."

Nikasoma. Boma la baba, sherehe ya mahari, siku ya Jumamosi.

"Na leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Na hii harufu ni ya siku gani?"

Askari akacheka. Mama akatoka jikoni mbio, kibuyu mkononi. "Bwana naibu, kaa kwanza, hii ni yako, huyu mtoto alisahau tu."

"Yangu? Mama, usinichafulie jina. Msichana wako amesema mambo ni ya karatasi. Tufuate karatasi."

Walitoa mitungi miwili ya pombe, wakamwaga hapo kwa boma. Kuku walikuja. Baba alifika ardhi ikiwa bado na povu, na naibu akamshika mkono, hata kwa heshima. "Mzee, ningefanya nini? Imeandikwa mlangoni, kila mtu anapita anasoma. Ningejifanya sioni?"

Nimejaribu kumchukia yule mtu mpaka nimechoka. Hapo hakudanganya.

Asali nyingine hatukuwa nayo. Mizinga ilikuwa imeshavunwa na majirani walikuwa wameuza. Jumamosi tulienda Runyenjes na kreti mbili za bia, zilizonunuliwa saa tatu asubuhi kwa mlango wa nyuma wa baa, mwenyewe akituambia, "Ingieni haraka, mfunge." Hiyo hakuna mtu alimwaga.

Nilikuwa jikoni na wanawake, nikisikia kila kitu kupitia ukuta wa mbao. Wazee walifungua chupa. Walikunywa vizuri tu. Kisha ami mkubwa wa yule msichana akasema, "Asanteni. Hii ni ya kiu. Sasa ile ya kuongea iko wapi?"

"Ilimwagwa," baba akasema.

"Na nani?"

Nilijua baba anaweza kunitaja, na nilitaka anitaje.

"Na serikali."

"Basi serikali ije imposee kijana."

Walicheka, na nikasikia chupa nyingine ikifunguliwa. Kaka hakucheka. Tulirudi nyumbani bila neno moja la msichana kuguswa. Wiki mbili baadaye yule mwalimu alipeleka pombe ya asali, na ikapokewa. Nilimuuliza mtu wa huko kama walikuwa na kibali. Alinishangaa.

Kaka alipata kazi na wenye malori wa Moshi. Siku ya kuondoka nilimbebea begi mpaka barabarani. Tukifika nikamuuliza.

"Nikuandikie barua?"

"Andika. Si wewe ndiye wa karatasi."

Niliandika mbili. Ya kwanza nilimweleza kwamba kisheria tulikuwa tumekosewa, siku moja haitoshi kupika pombe, na kwamba ni kibali kilikuwa kibaya. Kurasa tatu. Ya pili ilikuwa fupi, ya kuomba msamaha.

Nilituma ya kwanza.