Jina la Kastori

Siku moja ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Krismasi niliyoila kando ya Ziwa Nyasa, mbali na kwetu Mdandu, nikiwa na jasho mgongoni na magamba ya samaki hadi kwenye nyusi. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikusikia hapa sebuleni ukisema utampitia rafiki yako aliyefiwa na baba yake, ila utakaa kimya tu usije ukamkumbusha. Hebu kaa kwanza. Chai ipo, na mvua hii ya Makambako haina dalili ya kukatika.

Mimi nilikuwa binti wa maswali. Kwa nini bata hazami, kwa nini padri haoi, nani anauambia ulanzi, pombe yetu ya mianzi, uchache. Nyumbani walinichoka wote isipokuwa Shangazi Eda, dada wa baba yangu, na mwaka huo alinichukua nikamsaidie kuuza viazi na maharage ziwani kabla ya sikukuu. Tulipanda lori. Tukaipita Mlangali, tukaipita Ludewa mjini, kisha barabara ikaanza kuteremka, ukungu ukabaki juu yetu, na mimi nikawa navua: koti, sweta, kitambaa cha kichwa. Sikujua kama Desemba inaweza kuwa na joto namna ile.

Shangazi alisubiri nichoke kushangaa ndipo akasema, "Tutafikia kwa Mama Hilda. Homa ilimchukua mwanawe wa kiume kabla mvua hazijaanza. Nakuomba, uliza yote unayotaka, ila hilo usiliulize."

Nikaahidi. Mtu wa maswali akiahidi jambo kama hilo, anaahidi kwa shida.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, umebanwa kati ya mlima na mchanga, na wote ulikuwa kwenye maandalizi. Wanawake walianika muhogo juu ya mawe, watoto walisugua sufuria ufukweni, na kwenye kamba za nyavu zilining'inia kaptula nyeupe. Hizo, nikaambiwa, ni za mganda, ngoma ya wanaume wa huko, ambao hujipanga mistari kama askari wa gwaride, soksi zimevutwa hadi magotini, wakipuliza vibuyu. Krismasi hiyo wangecheza na wenzao wa mji wa pili, ambao walikuwa wanakuja kwa boti. Nilizunguka nikiuliza hadi watu wakaanza kuniita Mbena wa Kwa Nini, na sikukasirika hata kidogo, maana lilikuwa jina la haki.

Kitu kimoja kilinishinda. Katikati ya uwanja wa mchanga palikaa ngoma kubwa, imefunikwa kanga, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Nikamfuata mzee wa mganda, waliyemwita Kingi, mtu mwenye tumbo la heshima.

"Kamwene, binti," akanisalimia kwa Kibena ili nicheke, kisha akanieleza. Huko kwao, mwaka ambao nyumba imefiwa na mchezaji, ngoma haipigwi hadi mwenye msiba atoke mwenyewe aigonge mara ya kwanza. Kastori alikuwa mchezaji wao. Hapana, mwanangu, nimekosea: Kingi hakulitaja jina hilo. Alisema "yule kijana," akatazama pembeni.

Basi mganda wote ulikuwa unamngoja mama mmoja. Wazee walikwenda kwake asubuhi na jioni, naye alijibu kwa upole akiwa ndani, "Chezeni tu, wazee wangu." Lakini ruhusa iliyotolewa ndani haikutosha, ilibidi atoke. Asingetoka, wageni wangelishwa na kurudishwa kwao bila ngoma, na jambo hilo halikuwahi kutokea. Hakuna aliyemlaumu. Walimletea chakula, wakasema pole wakiangalia chini, wakaondoka upesi. Hata kaptula ya marehemu ilikuwa imefichwa na majirani asiione.

Siku ya Krismasi misa iliimbwa bila ngoma. Tulipotoka, Shangazi akaenda sokoni kumalizia viazi, nami nikarudi kwa Mama Hilda, tukakaa nyuma ya nyumba tukiparua samaki. Nilikuwa sijui hata mmoja. Nikawa nauliza, naye ananijibu: huyu mbasa, huyu mbelele, huyu mbufu, yule usipa. Nikauliza jina la mlima, akanijibu. Nikauliza mbuzi wa jirani anaitwaje, na kumbe naye ana jina. Ghafla akaweka kisu chini.

"Wewe binti, umeniuliza jina la kila kitu kilichopo hapa. Unalala kitanda cha mwanangu, na yeye hujaniuliza jina lake."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema, "Nilikatazwa, mama."

"Najua. Wote wamekatazwa. Sijui nani anayewakataza." Akafuta macho kwa mkono wenye magamba. "Mnafikiri mkinyamaza nitasahau? Nikiigonga ile ngoma leo, ndiyo itakuwa basi. Watacheza, watakula, na hatakuwepo tena mtu wa kumtaja."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Kumbe alijifungia ndani kwa kuogopa kwamba sisi tumeshamaliza na mwanawe.

"Aliitwa nani, mama?"

"Kastori."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Alinitazama kwanza kama anapima kama nauliza kweli. Nilikuwa nauliza kweli, mwanangu. Tangu nifike nilikuwa nikilala na swali hilo. Akaanza polepole. Kastori aligombania ukoko wa ugali hata alipokuwa na ndevu. Alipiga mluzi ndani ya nyumba hadi akafukuzwa nje. Alivua samaki usiku kucha bila hofu, lakini chura akiingia ndani alipanda juu ya meza. Na mganda hakuujua hata kidogo. Wenzake wakigeuka kulia yeye anageuka kushoto, na bado hakuna aliyevuta soksi zake kwa maringo kama yeye. Mama akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yanatoka, nami nikacheka naye.

Kingi alikuwa amekuja kuomba mara ya mwisho, maana boti ya wageni ilikuwa imeshaonekana. Akasimama pembeni ya nyumba, hajui aingie au arudi.

"Kingi, njoo," Mama Hilda akamwita. "Mwambie huyu binti siku Kastori alipokuangusha."

Mzee yule akaketi chini pamoja na tumbo lake, akasimulia. Jirani akasikia, akaja na kisa chake. Mwingine akaja na kaptula ile iliyofichwa, ameikunja vizuri, akamwekea mama mapajani. Wageni walishuka botini wakakuta uwanja mtupu na watu wote wamejazana nyuma ya nyumba moja, kwenye magamba ya samaki.

Hatukumbembeleza. Aliinuka mwenyewe, akanawa, akajifunga kitenge kipya, akatembea hadi uwanjani. Alipoondoa kanga, mkubwa wa wageni akauliza kwa adabu ngoma hiyo inafunguliwa kwa jina la nani.

"Kastori," akasema, kwa sauti iliyofika hadi majini. Akaigonga kwa kiganja.

Mganda ulichezwa hadi jua likazama. Mama Hilda alikaa mbele, na kila aliyepita kumsalimia alimshika mkono akamuuliza, "Na wewe, una kisa gani chake?" Hakuna aliyeangalia chini tena.

Tulipanda kurudi kwetu baada ya sikukuu. Nilijua nimevunja ahadi, nikawa nasubiri Shangazi Eda anigombeze. Tulipofika kwenye baridi, akasema bila kunitazama, "Na mimi nilikuwa na mtoto, kabla wewe hujazaliwa." Nilikuwa nimekua mikononi mwake, mwanangu, na sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Nikamuuliza jina. Akalitaja, akalia njia nzima hadi Njombe, na kesho yake alikuwa mwepesi kuliko nilivyowahi kumwona.

Basi nenda kwa rafiki yako. Pole ile ya kwenye simu, yenye vimikono vya kuomba, haitoshi. Kaa naye, na uliza: baba yako alikuwa mtu wa namna gani? Kisha nyamaza usikilize, usimkatishe kwa habari zako. Akisema hataki, mwache, nawe umsaidie kuosha vyombo. Lakini usimfiche baba yake ukidhani unamhurumia. Aliyefiwa hajasahau hata dakika moja, huna cha kumkumbusha.

Mungu akupe masikio yasiyochoka na ulimi usioogopa kuuliza. Akujalie Krismasi nyingi, nyumba yenye watu, na uzee mzuri kuliko huu wangu wa magoti mabovu. Na siku yako ikifika, mwanangu, miaka mingi baada yangu, asikosekane mgeni wa kuwauliza watu wako uliitwa nani.