Mashini Iliyoangalia Ukuta

Florent wa Kilwa, ile ya ziwani si ya baharini, hakuwa mutu wa kuanza kazi kichwa-kichwa. Mwaka ule ambao vijana wote walitaka pantalon za miguu mipana sawa sketi, aliamua kufungua kazi yake ya kushona huko Kashikishi, upande wa pili wa ziwa, na kwanza akazunguka soko zima akiuliza. Jua la saa nane linapiga wapi? Mvula ikija, maji yanapita wapi? Wanawake wenye vitenge vipya wanatokea njia gani? Mwishowe akachagua baraza moja karibu na bandari ya mitumbwi, lenye kivuli na watu tele. Kitu kimoja tu hakuuliza: mbele ya baraza lile anakaa nani. Na hilo, jamani, ndilo lilikuwa la kuuliza.

Asubuhi ya kwanza akapangusa mashini, akatia uzi, akainua kichwa. Ng'ambo ya njia, nyuma ya rundo la samaki wakavu, alikuwa amekaa Mama Mukuka, mama mukwe wake.

Sasa, kwa mila ya pale, mukwe haangaliani na mama mukwe uso kwa uso, wala hasemi naye, mupaka siku mama atakapopika vyungu na kumwita nyumbani kwa heshima. Wakikutana njiani, mumoja anaingia majanini. Florent alikuwa amemuoa Chabu mwaka muzima, na vyungu havijapikwa. Mama Mukuka alikuwa ametuma neno wazi: hampikii mwanaume asiye na kazi yake mwenyewe. Uvuvi Florent aliujaribu, akatapika mupaka wenzake wakamurudisha pwani. Kwa hiyo mashini hii ndiyo ilikuwa kazi. Ikishindwa, harufu ya vyungu ataisikia kwa jirani tu. Na kama atakimbia kila mama anapoinua macho, itashindwa kabla ya Jumapili.

Akafanya alichoweza. Akageuza mashini ikaangalia ukuta, akalipa soko lote mugongo.

Hebu fikiri, mushonaji anayelipa soko mugongo! Watu wakasema anaringa. Wengine wakasema ana deni na mutu. Hakupata kliya hata mumoja wa kushonewa nguo, isipokuwa mbuzi aliyekula kipande cha kitenge na kuondoka bila kuaga. Mama Mukuka naye alitaabika. Kila Florent alipokohoa, mama alijifunika uso kwa kitambaa, na samaki wakabaki bila wa kuwasemea.

Siku moja akaja Germaine, mama wa biashara kutoka ng'ambo ya ziwa, mwenye sauti ya kuamsha wafu, na kitenge kipya begani.

"Fundi," akasema, "unashona batu ao unashona ukuta?"

Florent akaeleza mambo yake yote, lakini aliuelezea ukuta, tena kwa kunong'ona. Germaine hakusikia hata nusu. Akafyonya, akaanza kuondoka.

Hapo Mama Mukuka akashindwa kuvumilia. Kumwambia Florent neno hakuweza, na kumukimbilia Germaine mbele ya mukwe ilikuwa aibu. Akaokota samaki wake mukubwa kuliko wote, akamutazama machoni, akasema kwa sauti ya kufika bandarini:

"Weye samaki, uambie ule mama arudie. Ule fundi hana kiburi, iko na heshima. Robe ya kanisa ya mutoto wangu Chabu, ni yeye njo alishona."

Germaine akarudi.

Florent, jasho likimutiririka, akainamia mashini yake. "Mashini, uambie samaki aksanti sana. Na umuulize kama mama anapenda robe ya mikono mirefu ao mifupi."

"Samaki," Mama Mukuka akajibu, "uambie mashini ile swali ni ya Germaine. Miye sikuomba kintu." Akapanga samaki wake kidogo. "Lakini mirefu."

Basi kazi ikashika. Watu walikuja kusikia samaki akizungumza na mashini, na kwa kuwa mutu hawezi kusimama barazani kwa watu nusu siku mikono mitupu, huyu alileta pantalon, yule alileta kitenge. Muteja mumoja alitaka kumununua samaki yule mukubwa. Mama akamwambia huyu hauzwi, yuko kazini.

Kabla ya mvula kuanza, vyungu vikapikwa. Wanawake wakaimba, Florent akaingia kichwa chini, na alipokiinua akauona vizuri uso wa mama mukwe wake kwa mara ya kwanza. Alifurahi mupaka akala bukari, yaani ugali, bila kuchovya muchuzi.

Kesho yake akageuza mashini ikaangalia njia.

"Jambo, mama."

"Jambo, fundi."

Halafu? Halafu hakuna. Wote wawili haya iliwashika. Florent akatia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. Mama akapanga samaki waliokwisha kupangwa. Watu waliokuja kusikiliza wakaanza kutawanyika.

Mama Mukuka akaangalia huku na huku, akamuinua samaki wake.

"Samaki," akasema polepole, "uambie mutoto wangu akule kwanza. Tangu asubuhi hajakula kintu."

Florent akasimama, akaigeuza mashini ikaangalia ukuta tena. Safari hii mila haikuwamo. Hakutaka tu soko lote limuone akilia.